Trekta Kukataa Kuwaka Si Lazima Iwe Betri
Wengi wanaonunua trekta kuukuu la dizeli, kama Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins, huamini kwamba likikataa kuwaka betri imekufa, nao hukimbilia kununua mpya. Ikiwa stata inazungusha injini kwa kasi ya kawaida lakini ekzosi haitoi moshi wowote, betri haina kosa: dizeli haifiki kwenye nozeli zinazoinyunyizia ndani ya injini, na mara nyingi chanzo ni hewa iliyoingia kwenye mabomba ya dizeli baada ya tangi kukauka au filta ya dizeli kubadilishwa. Hakikisha kwanza kivuta cha kuzimia injini hakijaachwa kimevutwa, kisha legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta hiyo na upige pampu ya mkono ya dizeli mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, ndipo ukaze skrubu.