Je, wajua kwa nini vitisho havifui dafu katika mashindano ya poka ya bure?

Dakika za mwanzo za shindano la mtandaoni lisilo na kiingilio la Texas Hold'em, aina ya poka ambamo kila mchezaji huanza na karata mbili za siri, ni vurugu tupu. Mtu ana saba ya kopa na mbili ya pau, mkono (yaani karata alizoshika mtu) mbovu kuliko yote ya kuanzia, naye anaweka chipu zake zote, vile vidude vya kuwekea dau, mezani. Wa pili anafuata, na wa tatu yumo. Wewe uliyeambiwa kwamba poka ni mchezo wa kutishana, yaani kupandisha dau ukiwa na karata mbovu ili wengine waogope na kutupa zao, unajaribu kutisha, na hakuna anayetishika.

Kitisho humwingia mwenye cha kupoteza. Aliyeingia bure akitolewa hufunga ukurasa na kusubiri shindano lijalo. Basi mwanzoni acha ujanja: tupa karata nyingi, na ukipata mkono wa maana, pandisha dau bila kujificha. Watakufuata tu.

Hapo hesabu inakuwa tamu. Ree (karata ya A) mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika kila 100. Dhidi ya wanne hushuka hadi kama 56, na dhidi ya watano huwa chini kidogo ya nusu. Wengi hulalamika hapo, eti ree hazina faida kwenye meza za wendawazimu. Si kweli! Nusu ya nafasi ya kuzidisha chipu zako mara sita ni biashara ambayo mimi nisingeikataa. Kinachowamaliza watu ni mikono ya katikati, kama ree na saba: inapendeza machoni, lakini wapinzani wakiwa wengi, mara nyingi kuna aliyekuzidi.

Kusubiri nako kuna mwisho, kwa sababu madau ya lazima hupanda kila baada ya muda. Chipu zako zikibaki kama mara kumi ya dau kubwa la lazima, ni kuweka zote au kutupa. Zawadi zinapokaribia, wale wale waliokuwa wakifuata kila kitu huanza kubana, kwani sasa wana cha kupoteza. Huo ndio wakati wa kutisha.

Malipo, hata hivyo, ni kiduchu. Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, alianza mwaka 2006 na dola sifuri kwenye tovuti ya Full Tilt Poker, akicheza mashindano ya bure. Miezi kama saba ilipita kabla hajaweza kuzishikilia senti alizoshinda. Alijiwekea pia sharti: asiingie meza yoyote ya fedha kwa zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake, isipokuwa michezo ya dola 2.50 kushuka chini. Safari nzima hadi dola 10,000 ilimchukua takriban mwaka mmoja na nusu.