Je, wajua kwa nini proksi iliyowekwa kuharakisha intaneti huweza kuichelewesha?

Kompyuta zote za maabara ya chuo zinapita kwenye seva moja ya proksi, yaani kompyuta ya kati inayozifuatia kurasa nje, inayoendeshwa na programu ya Squid. Iliwekwa ili ukurasa aliofungua mwanafunzi mmoja uhifadhiwe, na mwenzake aupate papo hapo bila kuufuata tena nje. Mbona basi ukiiruka proksi intaneti inakimbia, na ukiirudia inajikokota?

Mafundi wengi hujibu upesi: kache, lile ghala la nakala za kurasa, imejaa, ifutwe. Nakusihi usifute chochote kabla hujafungua faili la access.log, yaani logi ya Squid. Kila ombi lililopita limeandikwa humo kwa mstari wake. Namba ya kwanza ni wakati, uliohesabiwa kwa sekunde tangu 1970. Ya pili ndiyo yenye siri yote: muda ambao ombi limechukua, kwa milisekunde. Inafuata anwani ya kompyuta iliyoomba, kisha neno kama TCP_HIT, yaani kitu kimepatikana ghalani, au TCP_MISS, yaani imebidi kikafuatwe nje.

Tazama sasa mstari unaoanza hivi baada ya wakati: 5043 192.168.1.45 TCP_MISS/200. Ukurasa mwepesi kabisa umechukua sekunde tano na ushei. Shuka chini, tovuti nyingine: 5038. Nyingine tena: 5061. Mtandao ulioelemewa hautoi namba za namna hii. Utaona 800, 2300, 9100, zimetawanyika ovyo. Namba zikijirundika juu kidogo ya 5000, kamata DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Squid ikiuliza seva ya DNS na isijibiwe, kwa kawaida husubiri sekunde 5 ndipo iulize ya pili. Seva ya kwanza kwenye faili la /etc/resolv.conf imekufa au imehamishwa, ya pili ni nzima, kwa hiyo tovuti zinafunguka, ila kila jina jipya linalipiwa sekunde 5. Ndiyo maana hakuna anayelistukia tatizo: hakuna kilichokatika. Ondoa anwani hiyo mfu, andika squid -k reconfigure ili Squid isome upya mipangilio, kisha rudi kwenye logi uone namba zinavyoporomoka.

RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, nayo huumiza, na hapa kosa huwa ni la ukarimu. Fundi anaona diski ina nafasi, anaitengea kache GB 100. Lakini Squid huweka daftari la vitu vyote vya ghalani ndani ya RAM, na daftari hilo hula takriban MB 14 kwa kila GB ya diski kwenye mashine ya biti 64. GB 100 zinadai karibu GB 1.4 za RAM kwa daftari peke yake, bado MB 256 za cache_mem, sehemu ya RAM inayowekewa nakala zenyewe, na mahitaji ya mfumo wenyewe. Mashine ya GB 2 haitoboi. Itaanza kusukumia sehemu ya RAM diskini, na mtunza ghala ambaye kila akiulizwa bidhaa inambidi kwanza atafute kurasa za daftari lake hawezi kumhudumia mtu kwa wakati. Punguza kache, mashine itapumua.

Lipo pia jambo ambalo si hitilafu. Kabla ya SEACOM, mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, kutua pwani yetu mwaka 2009, intaneti nyingi ya Afrika Mashariki ilipitia satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu angani. Kwenda na kurudi tu ni karibu nusu sekunde, na kurasa nyingi zilikuwa za HTTP, wazi. Proksi iliokoa muda na fedha kwelikweli. Leo sehemu kubwa ya tovuti ni HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo. Kwenye logi utaziona kama TCP_TUNNEL: proksi ni tarishi aliyebeba bahasha iliyofungwa, hajui kilichomo, hivyo hawezi kuweka nakala. Ukiona TCP_HIT chache, usidhani umekosea kusanidi.

Kilichobaki cha kuhifadhi bado kina thamani, hasa vifurushi vya programu vya Ubuntu na Debian, ambavyo mara nyingi hupakuliwa kwa HTTP. Ila Squid ikishasakinishwa huwa haiweki kitu diskini mpaka uondoe alama ya # mbele ya mstari wa cache_dir, unaotaja ghala la diskini, kwenye faili la mipangilio la squid.conf, na kitu kinachozidi MB 4 haikihifadhi. Pandisha kikomo hicho, maximum_object_size, na mstari wake uuandike kabla ya ule wa cache_dir, la sivyo hautashika. Kisha sasisha kompyuta moja ya maabara, subiri imalize, uende kwenye ya pili huku logi ikiwa wazi. Kifurushi kilekile kilichoandikwa TCP_MISS kitapita mbele yako kikiwa TCP_HIT, na muda wake umeshuka.