Injini Haijafunguliwa, Bodi Je?

Juma lililopita nililetewa Mini nyingine iliyonunuliwa kwa sababu zile zile mbili: injini inawaka mara moja ufunguo unapozungushwa, na muuzaji ameapa kwamba haijawahi kufunguliwa. Mwenye gari alinitazama kana kwamba nimemtusi nilipoliacha boneti lilivyo, nikapiga magoti na kuanza kugonga vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi. Basi naandika kwa mara nyingine: katika Mini ya zamani, yaani hizi zilizotengenezwa kuanzia 1959 hadi 2000, unachonunua ni bodi, na injini ni spea kubwa tu.

Mini haina chesisi. Injini na magurudumu hushikwa na fremu mbili ndogo, moja mbele na moja nyuma, na fremu hizo zimefungwa kwenye mabati ya bodi, ambayo ndiyo yanayobeba uzito wote. Injini iliyochoka hutolewa, ikakarabatiwa mezani na kurudishwa, lakini kizingiti kilichooza kinataka kukatwa pamoja na kipande cha sakafu na kuchomelewa upya huku milango ikiangaliwa isije ikakataa kufunga.

Kizingiti kizima, ukikigonga, hulia; kilichooza au kilichojazwa puti ya kuziba mashimo hujibu kwa mlio mfu. Baada ya kugonga, chungulia chini. Kizingiti cha asili ni chembamba na kina matundu ya kutolea maji, kwa hiyo ukikuta kipana kinachoingia mbali chini ya sakafu, ujue kuna mtu aliyefunika kutu badala ya kuiondoa, na maji yanaendelea kula bati la ndani gizani. Inua zulia, ubonyeze sakafu kwa kidole gumba, kisha ufungue buti uitoe betri, kwa sababu kasha lake liko humo na huoza bila kelele. Fremu ya nyuma hukusanya tope na maji hadi ikatoboka. Ya mbele hudumu zaidi, na kwa sehemu ni kwa sababu injini huivujishia oili miaka yote, msaada ambao hakuna mhandisi aliyeukusudia.

Wapo wanaonijia na sumaku, wakijiona wamemaliza kazi. Sumaku huumbua puti nene, basi. Bati jipya lililochomelewa juu ya uozo huishika barabara kama bati zima, na lami iliyopakwa chini ya gari huficha mshono wenyewe. Nakiri kwamba nami nimewahi kuipitisha bodi niliyoigonga, kuichungulia na kuiridhia, kisha rangi ilipobanduliwa nikakuta viraka juu ya viraka, na sijui hadi leo ningewezaje kuviona kabla.

Injini nayo isipuuzwe. Hakikisha ni baridi kabla muuzaji hajaiwasha, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Alec Issigonis, mbunifu wa Mini, aliikingamisha injini na kuipachika giaboksi chini yake, vyote viwili vikitumia oili moja, hivyo oili iliyocheleweshwa kubadilishwa huzila gia pia. Plagi ya kumwagia oili ina sumaku: vumbi laini la chuma ni la kawaida, vipande si vya kawaida. Barabarani, shusha gia hadi namba mbili usikilize kama inakwaruza, kisha kata kona kali ukiongeza mafuta. Mlio wa ta-ta-ta unatoka kwenye jointi za ekseli za mbele.

Tulipoinua zulia la gari lile la juma lililopita, kidole changu kilipita sakafu hadi nje. Injini, kwa haki yake, ni nzuri sana. Nimeitoa, iko juu ya meza ya karakana, inasubiri bodi.