Mjinga alikuwa mgeni

Kila tarehe 1 Aprili tunataniana kwa jina la Siku ya Wajinga. Siku nyingine zote, neno hilohilo linaweza kuzua ngumi stendi. Sisi tunaoshughulika na kamusi huulizwa mara kwa mara: kwani mjinga na mpumbavu si yuleyule?

Si yuleyule, na sababu iko nyuma sana. Unguja na mwambao wa karne ya 19, mjinga aliweza kuwa mtumwa aliyeletwa juzijuzi kutoka bara. Kiswahili hajui, vichochoro vya mji hajui, hata akiitwa hajui aitikie vipi. Aliyezaliwa hapohapo pwani akaitwa mzalia. Kwa hiyo neno lilipima muda wa mtu mjini, akili zake hazikuulizwa. Dharau ilikuwemo, tena ya kikatili: fundi mhunzi hodari kwao aligeuka mjinga siku aliposhushwa jahazini. Ila ujinga huo ulikuwa na mwisho. Akishazoea, jina humtoka.

Methali zimetuhifadhia maana hiyo. "Mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani." Itazame hiyo kuerevuka: kama ujinga ungekuwa maumbile, nani angeerevuka? Na "wajinga ndio waliwao" inamsema asiyejua bei wala hila za soko, yule anayeuziwa boksi la simu lenye kipande cha sabuni ndani. (Wasomi huuziwa pia, msicheke.)

Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliuweka ujinga pamoja na maradhi na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Hapo ukaanza kumaanisha zaidi kutojua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 Tanzania ikautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wenye wajukuu wakashika madaftari kwenda kisomo "kufuta ujinga". Jina hilo halikuwazuia kwenda.

Mpumbavu ni habari nyingine: huyu anajua, ameonywa, na bado anafanya. Maneno ya vijiweni kama boya, fala na zuzu aghalabu humwandama yeye. Nayo nafasi ya kale ya mjinga, ya mgeni aliyeteremka basi jana na anaogopa kuvuka barabara, siku hizi imekaliwa na mshamba.