Mbona Mwingereza hanywi vidonge: neno take na wenzake

Mwanafunzi wetu mmoja wa masomo ya jioni anauza katika duka la dawa huko Mwembe Tayari. Siku moja aliingia baharia mgeni, meli yake iko bandarini Kilindini, akataka dawa ya kichwa. Kijana akamfungia vidonge na kumwelekeza kwa Kiingereza: drink two tablets, asubuhi na jioni. Baharia akakigeuzageuza kidonge kiganjani, kisha akauliza kama kinatiwa majini kiyeyuke kwanza.

Swali lake lilikuwa la haki. Kwa Kiingereza, drink huenda na kitu cha majimaji. Kidonge huenda na take. Sisi hunywa dawa hata ikiwa ngumu kama kokoto, na kijana alikuwa ametafsiri neno kwa neno bila kukosea hata moja. Kosa liliingilia hapo hapo.

Hili ndilo tatizo ninalokutana nalo zaidi kwa watu wazima wanaojifunza Kiingereza hapa Mombasa. Sarufi wanayo, msamiati wanao, lakini kila neno wamelijua peke yake, kama mtu asiye na jamaa. Wanaisimu huuita uhusiano wa maneno yanayoandamana kolokesheni. Mwingereza J. R. Firth, aliyelishughulikia jambo hili miaka ya 1950, alishikilia kwamba neno hujulikana kwa wale linaotembea nao.

Kiswahili nacho kina mambo yake. Twapiga simu, pasi, mswaki, deki, mbizi na hodi. Mgeni akiuliza kwa nini yote hayo ni kupiga, utamjibu nini? Ndivyo tusemavyo.

Sasa litazame take. Feri ya Likoni tunaipanda. Mwingereza anasema take the ferry. Picha tunaipiga: take a photo. Mtihani tunaufanya: take an exam. Zaidi ya hayo kuna take a seat na take a break, ambazo kwetu ni kuketi na kupumzika, basi. Pale Kiswahili kinapotosheka na kitenzi kimoja, Kiingereza mara nyingi huweka kitenzi chepesi kisha kukipa nomino ya kubeba maana yenyewe. Ukilijua hilo, utaacha kutafuta “kuchukua” ndani ya take. Mara nyingi hakumo.

Wala wenyewe hawakubaliani katika kila kitu. Mmarekani husema take a shower, Mwingereza mara nyingi have a shower. Uamuzi kila mahali ni make a decision, ingawa Uingereza utasikia pia take a decision. Na chai? Wakenya tumezoea take tea. Mwingereza wa leo husema zaidi have tea, lakini akikukaribisha kikombe anaweza kukuuliza, do you take sugar? Kwa hiyo simkosoi mtu kwa take tea akiwa Mombasa. Namweleza tu atakachosikia akifika London.

Neno lenyewe lilikuja Uingereza na wageni. Lilitoka kwa watu wa Skandinavia waliofika kwa majahazi yao, na karibu miaka 1,000 iliyopita likaanza kulisukuma kando neno la wenyeji, niman, lenye maana ya kuchukua au kushika. Niman likafa, likaacha mabaki: numb, yaani kuwa na ganzi, asili yake ni “aliyeshikwa”. Nasi, mguu ukilala, twasema umeshikwa na ganzi. Kila nikilifundisha hili darasa hunyamaza kidogo.

Ninachowaomba wanafunzi ni kitu kimoja: usiandike neno pweke daftarini. Usiandike “exam: mtihani”, andika take an exam, fail an exam, mark an exam, yaani mtahiniwa, aliyeanguka na msahihishaji, kila mmoja na kitenzi chake. Kamusi nzuri za wanafunzi huonyesha wenza hao ndani ya mifano, sehemu ambayo wengi huiruka wakikimbilia maana.

Kijana wa duka la dawa alirudi wiki iliyofuata na ukurasa mzima. Vidonge, take. Dawa ya kupaka, apply. Matone ya macho, put in. Chini kabisa alikuwa ameacha mstari mtupu mbele ya dawa ya kusukutua, akanisubiri nilete kalamu. Tukaandika gargle with.