Dawa Mbili Katika Chembe Moja: Teknolojia ya Nano na Tiba Mseto ya Saratani

Mara nyingi mgonjwa wa saratani hatibiwi kwa dawa moja. Seli za saratani hutofautiana hata ndani ya uvimbe mmoja, na zile zinazonusurika dawa ya kwanza huweza kuongezeka na kuurudisha ugonjwa; ndiyo maana madaktari huchanganya dawa zinazozishambulia seli hizo kwa njia mbalimbali. Lisilosemwa sana ni kwamba uwiano wa dawa hizo nao una uzito wake. Katika maabara, dawa mbili zilezile huweza kutiana nguvu zikichanganywa kwa uwiano fulani, na kudhoofishana uwiano huo ukibadilika.

Ugumu huanza dawa zinapoingia mwilini, kwa kuwa kila moja huenda zake. Chukua sitarabini na daunorubisini, ambazo kwa miongo kadhaa zimetumika pamoja kutibu saratani kali ya damu iitwayo lukemia ya mieloidi. Sitarabini huvunjwa, hasa na ini, ndani ya saa chache, ilhali daunorubisini hudumu zaidi na kupenya katika tishu nyingi, misuli ya moyo ikiwemo. Hivyo uwiano uliopimwa kwa makini kwenye dripu sio unaoifikia seli yenye ugonjwa.

Chembe za nano zilibuniwa kukabili hali ya namna hiyo. Nyingi kati ya zile za dawa zina kipenyo cha nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali seli nyekundu ya damu hufikia nanomita 7,000 au 8,000. Aina iliyozoeleka zaidi ni liposomu, yaani kifuko chenye ukuta wa mafuta kinachobeba dawa ndani yake. Doxil, liposomu ya dawa ya saratani iitwayo doksorubisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ilionyesha kuwa kufungasha dawa hivyo hupunguza madhara yake kwa moyo. Hata hivyo ilibeba dawa moja tu. Mwaka 2017 iliidhinishwa Vyxeos, ambayo kila kifuko chake hubeba sitarabini na daunorubisini kwa uwiano wa molekuli tano kwa moja, na uwiano huo hudumu katika damu kwa zaidi ya saa 24.

Katika utafiti uliohusisha wagonjwa 309 wenye umri wa miaka 60 hadi 75, waliokuwa na aina za lukemia hiyo zilizo ngumu kutibika, wastani wa kati wa kuishi (muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka) ulikuwa miezi 9.56 kwa waliopewa Vyxeos, na miezi 5.95 kwa waliopewa dawa hizohizo kwa njia ya kawaida. Tofauti hiyo si uponyaji, lakini ina maana kubwa ukizingatia kwamba dawa zenyewe hazikuwa mpya. Kilichobadilika ni namna ya kuzifikisha.

Kwa uvimbe mgumu, kama wa titi au kongosho, tahadhari inahitajika. Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja na kuruhusu chembe kubwa kuingia na kubaki humo. Matumaini yaliyofuata yalikuwa makubwa kupita ushahidi: uchambuzi wa mwaka 2016 wa tafiti zilizofanywa kwa wanyama ulionyesha kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya dozi inayofika kwenye uvimbe, na sehemu kubwa ya chembe hunaswa na ini na wengu. Kwa hiyo dai kwamba dawa za nano huenda moja kwa moja kwenye saratani pekee halina msingi.

Mgonjwa na wanaomuuguza wafahamu pia kwamba Vyxeos haibadilishwi kiholela na dawa za kawaida zenye majina yaleyale, kwa kuwa vipimo vya dozi havilingani. Aidha, baada ya tiba hiyo seli nyeupe za damu na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, huchelewa zaidi kurejea katika kiwango chake. Katika kipindi hicho, homa au kutokwa damu, hata kidogo, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.