Viungo havikuwa vya kuficha nyama iliyooza

Inasemwa mara nyingi kwamba majiko ya wafalme wa zamani wa Uingereza yalimwaga viungo ili kuficha harufu ya nyama iliyooza. Si kweli, na hesabu yenyewe inakataa. Pilipili manga na karafuu zilisafiri miezi mingi kutoka Asia (Zanzibar ilikuwa bado haijapanda karafuu), kwa hiyo bei yake ilikuwa kali kuliko ya nyama. Aliyemudu viungo alimudu nyama mbichi. Halafu karafuu haiondoi sumu ya nyama iliyoharibika. Mlaji angeharisha vilevile.

Tazama jiko la mfalme Henry VIII pale Hampton Court, jumba lake karibu na London, lililopanuliwa kuanzia 1529. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 50 na lililisha mamia ya watu mara 2 kwa siku. Stoo ya nyama, ya samaki na ya vitu vikavu zilitenganishwa, kandokando ya uchochoro mwembamba wenye kuta ndefu ili jua lisipenye na hewa ibaki baridi. Nyama ya kukaa muda mrefu ilitiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi.

Hata uchomaji ulikuwa na ufundi wake. Nyama ilizungushwa kwenye chuma mbele ya moto, si juu yake, na chini kukawekwa sinia la kukinga mafuta. Ikiwekwa juu, mafuta yanadondokea moto, ndimi zinaruka, nje inaungua na ndani inabaki mbichi.